Miti Aliyopewa Tiomina

Kijiji kizima cha Lumban Rihit kilijua kwamba Mangatas hawezi kuficha kitu. Akishika karata nzuri pale kilabuni, wenzake walitupa zao mezani kabla hajafungua mdomo, maana masikio yake yalikuwa yameshaiva na kumsemea. Hata alipomtaka Tiomina hakumwambia mtu. Alipita tu mbele ya nyumba ya baba wa msichana, kule Huta Gorat, mara tatu katika asubuhi moja, na mara ya tatu mzee akatoka kibarazani akamwambia, "Kijana, ingia ukae, barabara umeshaimaliza." Kwa hiyo mwaka ule alipomdanganya mkewe kila Jumatatu na kila Jumamosi, miezi mitatu mfululizo, bila kugundulika, lilikuwa jambo la kushangaza, na lingepaswa kumshangaza yeye wa kwanza. Halikumshangaza. Alidhani uzee umemfundisha.

Huyo mzee wa Huta Gorat alikuwa na wana watatu na binti mmoja, na ardhi kwa desturi ni ya wana. Binti hupata kile tu ambacho moyo wa baba umemtuma kukitoa siku ya harusi, mbele ya watu waliokwisha kula na kutafuna tambuu, na akishapewa ni chake. Mzee akasimama akampa Tiomina mteremko mzima wa miti ya ubani, haminjon, iliyopandwa na babu yake. Kisha akamgeukia bwana harusi. "Binti nimekupa wewe," akasema, "ila miti nimempa yeye. Wewe ni mgema wake tu, usije ukajisahau." Watu walicheka mpaka kina mama wakashika mbavu. Mangatas naye alicheka, lakini maneno yale hayakumtoka tena.

Mti huo hauna kwao kwingine. Watu wa Lumban Rihit watakwambia umejaribiwa bondeni ukakataa, umejaribiwa ng'ambo ya ziwa ukatoa majani bila chozi hata moja. Unataka milima ile, baridi ile na kivuli cha miti mingine inayouzidi urefu. Na unataka kitu kimoja zaidi, ambacho ndicho kilichowaponza watu hawa wawili. Unataka mgema atoke nyumbani na moyo mweupe. Wazee husema mti ulikuwa binti wa watu aliyekimbilia msituni kwa kulazimishwa ndoa, kwa hiyo hawezi kumlilia mwanamume ambaye nyumba yake ina makelele. Ukiwa umegombana na mkeo, ukipanda hata kwa kamba tatu na kuchanja kwa kisu kipya, gome litafunga na utarudi na kapu jepesi. Anayetaka kucheka na acheke. Wagema hawacheki, na wake zao hawacheki kabisa, kwa kuwa kapu likirudi jepesi macho ya kijiji humwangalia mke kwanza.

Basi kazi ya mume ilikuwa kupanda, na kazi ya mke ilikuwa kutokasirika. Ukiulizwa ipi ngumu, fikiri vizuri kabla ya kujibu.

Kila Jumatatu alfajiri, msimu wa kugema, Tiomina alitwanga mchele aliouloweka tangu jana yake, akachanganya na nazi na sukari ya mtende, akayafinya matonge kwenye ngumi hadi vidole vyote vitano vikaacha alama. Tonge moja la kila siku lilikuwa la mti, mengine ya mgema. Mangatas akishajitwika kapu, wakasimama mlangoni.

"Una neno na mimi?" mke anauliza.

"Sina. Wewe una neno na mimi?"

"Sina."

Ndipo anaondoka, analala kibandani msituni mpaka Ijumaa, na anarudi Jumamosi mchana. Ubani wenyewe hauji siku ile ile. Unachanja kuanzia Juni, unavuna karibu na Krismasi, utomvu ukiwa umeganda chini ya gome. Hivyo mgema anayerudi Jumamosi harudi na kitu, na hakuna anayemuuliza kitu.

Mwaka mmoja tu waliiruka desturi hiyo. Ilikuwa miaka miwili nyuma, binti yao Saulina alipotaka kwenda kisiwa cha Batam kufanya kazi kiwandani. Mama alikataa, baba akakubali kwa siri, na Jumapili jioni sahani ikaruka kutoka meko mpaka ukutani. Kesho yake Mangatas aliondoka bila kuulizwa neno wala kuuliza. Msimu ule miti ilitoa kidogo mno. Mvua zilikuwa mbaya, kila mtu alivuna kidogo, na Mangatas mwenyewe aliisahau ile sahani kabla haijafika Krismasi. Tiomina hakuisahau.

Sasa mwaka huu tunaousema. Mwezi wa Mei Mangatas alipanda Huta Gorat kufyeka magugu kabla ya msimu. Alisikia mashine kabla hajavuka kijito. Alipotokea juu hakuujua mteremko; alidhani amekosea njia, akarudi mpaka kijitoni, akapanda upya. Miti yote ilikuwa chini. Ya mkewe, ya majirani waliokwisha hamia mjini, na ile mirefu ya kivuli, yote. Visiki vilikuwa vibichi bado, na utomvu ulikuwa unachuruzika wenyewe juu yake, bila kuchanjwa na bila kuombwa.

Kampuni ilikuwa na karatasi. Alikwenda ofisini kwao akaonyeshwa ramani, na kwenye ramani hapakuwa na mti wa mtu yeyote, palikuwa na rangi ya kijani tu.

"Hii miti ni ya mke wangu," alimwambia karani.

"Mke wako ana hati?"

"Alipewa na baba yake. Siku ya harusi."

Karani, kijana mstaarabu kabisa, alimkaribisha kahawa.

Aliteremka akiwa ameamua kusema. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, akianza na jina la mkewe, akimalizia na kuomba radhi. Alipoingia, Tiomina alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele na kuimba. Akainua uso, akauliza bila wasiwasi wowote, "Umeikuta mizima?"

"Mizima," Mangatas akasema.

Neno moja. Angeweza kulirudisha usiku ule, au kesho yake, au Jumapili baada ya ibada. Alijiambia atalirudisha Jumamosi. Kila Jumamosi aliisogeza mbele kidogo.

Juni ikaingia na Jumatatu zake, na mwanamume mwenye mteremko wa ubani hawezi kukaa nyumbani msimu wa kugema. Wiki ya kwanza alikwenda akakaa juu ya kisiki siku tano. Wiki ya pili msimamizi wa kampuni, mtu wa mbali asiyemjua, akamwambia kama amekuja kukaa na akae, ila kama ana mikono miwili kazi ipo. Akampa kofia ya plastiki ya njano na fimbo yenye ncha ya kutobolea mashimo. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda miche ya mikaratusi.

Alikubali. Usiniulize kwa nini, mtu akishaanza uongo hujikuta anashukuru kupata pa kwenda nao. Mangatas alijiambia kwamba afadhali mkono unaochimba pale uwe wake kuliko wa mgeni, kwa kuwa yeye anajua kila mti ulikuwa wapi. Matonge yalimpa tabu kuliko kazi. Yake aliyala. La mti hakuthubutu kulila wala kulitupa, kwa hiyo kila asubuhi alilifukia chini ya kisiki, likiwa na alama za vidole vya mkewe, halafu akaenda kupanga foleni na wenzake.

Julai akaanza kuona kwamba mkewe anajua.

Kwanza Tiomina alipunguza maneno. Halafu akaanza kumtazama, si vile mke anavyomtazama mume, bali kwa muda mrefu, akidhani hatazamwi. Halafu akakonda. Jumamosi moja alimpikia samaki wa viungo, chakula chake Mangatas anachokipenda kuliko vyote, na Tiomina mwenyewe hakugusa.

"Mbona huli?"

"Nimeonja sana nikipika."

"Umeonja nini, sahani yako haijachafuka hata."

"We kula, Baba Saulina. Unapanda miti siku tano, mimi nakaa kwenye kivuli."

Neno *unapanda* lilimchoma, maana alikuwa amepanda kweli, miche mia kwa siku. Akaangalia chini akala. Alikuwa na hakika ametajiwa makusudi.

Kilabuni mambo hayakuwa mepesi. Jaulak, ambaye alikuwa na miti upande wa pili wa mlima na mdomo pande zote, alimkaribisha kwa tembo na utani.

"Shemeji, mwaka huu unagema au unagemwa? Umekonda, mkeo amekonda. Nyumba yenu mnakula zamu?"

"Ni joto."

"Joto la wapi? Hapa tunalala na blanketi mbili!" Watu wakacheka. "Sema ukweli, una kabinti mjini? Miti inajua hiyo, shemeji. Mimi naweza kukufichia, ila miti haifichi."

Masikio ya Mangatas yakaiva. Wenzake wakaona, wakapeana macho, na kabla ya Jumapili kijiji kilishamtafutia mwanamke, hata rangi ya gauni lake ikajulikana. Alifurahi. Uvumi wa kabinti ulikuwa unamfichia mteremko mtupu.

Jumatatu moja ya Agosti, Tiomina alichelewa na matonge. Alitwanga kidogo, akapumzika mkono kiunoni, akatwanga tena. Mangatas alisimama mlangoni akimngoja na kapu lake tupu mgongoni, na ndani ya dakika zile aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Hatimaye Tiomina alikuja, akamkabidhi matonge, akashika mhimili wa mlango.

"Una neno na mimi?" akauliza.

"Sina," Mangatas akasema. "Wewe una neno na mimi?"

Jibu la Tiomina lilijulikana. Kwa miaka ishirini na minne lilikuwa hilo hilo moja.

"Ninalo," akasema safari hii. "Lakini siyo neno la ugomvi, kwa hiyo halihesabiki. Litangoja mpaka umalize kugema."

"Si uliseme sasa hivi?"

"Nikisema sasa utaondokaje? Nenda. Miti inakusubiri."

Mangatas akaondoka haraka, na hii ndiyo aibu yenyewe: alishukuru. Alijua neno lile. Mkewe ameshaambiwa habari za Huta Gorat, na kwa upole wake amempa muda hadi Septemba aje akiri mwenyewe. Akapanga kwamba wiki ya mwisho ya msimu atapiga magoti. Alikwenda akapanda mikaratusi kwa moyo mwepesi kuliko wiki zote.

Ilikuwa Jumatano ya pili ya Septemba. Mangatas alikuwa ameinamia shimo, mgongo kwa barabara ya malori, akasikia sauti ya mwanamke inakuja huku ikihema.

"Samahani, baba, nimepotea. Natafuta msitu wa Huta Gorat, wa miti ya ubani. Ndugu yangu anagema huko."

Aligeuka. Alikuwa Rospita, dada yake mkubwa, anayekaa ukuta kwa ukuta na nyumba yake. Viatu vyake alikuwa amevishika mkononi.

"Mangatas?"

"Dada."

"Hiyo kofia ni ya nini?" Aliangalia kofia, akaangalia mche mkononi mwake, akaangalia juu na chini mteremko wote. "Miti iko wapi?"

Mangatas akaonyesha ardhi.

"Tangu lini?"

"Mei."

Rospita ni mwanamke ambaye hata salamu huitoa kwa kelele. Pale alikaa juu ya kisiki na sauti ikaisha. "Mei," akasema. "Mungu wangu. Mei."

"Usimwambie Mama Saulina. Dada, nakuomba. Najua ameshahisi, lakini nataka nimwambie mwenyewe. Ngoja nimalizie msimu tu..."

"Msimu gani?" Hapo sauti ikarudi, na wapanda miche wote wakainua vichwa. "Msimu gani, we mjinga? Msimu wa nini? Mkeo anakufa!"

Akayatoa yote pale pale, akilia na kumpiga kifuani kwa kile kiatu. Kwamba Tiomina ana uvimbe tumboni. Kwamba Juni, wiki ile ile ya kwanza ya kugema, walikwenda pamoja kwa nesi, na nesi akasema mwezi usiishe hajafika hospitali kubwa. Kwamba Tiomina alikataa mpaka msimu uishe. Leo asubuhi alikutwa ameanguka karibu na kinu, mchele umemwagika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha! Alinishikisha Biblia ya mama! Alisema ukienda na moyo mzito miti itafunga. Alisema mwaka ule wa sahani ilifunga kwa sababu yake, na hawezi kukufungia mara ya pili. Nikamwambia wifi, potelea mbali miti, akasema ni miti ya baba yake, na wewe ndiye unayeipanda, na ukiwa juu ya kamba ukawaza ugonjwa utaanguka. Kila Jumatatu nilikuwa nasikiliza ukutani. Nasikia unamuuliza una neno, anasema hana. Nikawa nalia kule upande wangu."

Mangatas alivua kofia akaiweka juu ya shimo. Kisha akaanza kukimbia, na Rospita nyuma yake peku, na msimamizi akibaki anaita jina alilomwandika.

Hospitalini walimpeleka Tiomina kwa gari la Jaulak, na Jaulak hakusema utani hata mmoja, njia nzima alikuwa akishuka mwenyewe kuangalia mashimo ya barabara kabla ya kuyapita. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu. Alimwita Mangatas pembeni akamweleza. Mangatas alielewa sentensi moja tu, kwamba miezi mitatu nyuma wangefungua na kuutoa. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka uso wa yule daktari, hakukumbuka kitu isipokuwa kalamu iliyokuwa mfukoni mwake.

Wakamrudisha nyumbani, kwa sababu mwenyewe alitaka nyumbani. Wakamlaza karibu na meko, amefunikwa shuka la kufumwa alilotumiwa na mama yake akiwa na mimba ya Saulina. Jioni, watu walipotoka, Tiomina akasema, "Nimekukatizia msimu."

"Nyamaza, Mama Saulina."

"Zimebaki wiki ngapi? Mbili? Ukienda Jumatatu unaweza kumalizia upande wa juu. Rospita atanitazama." Akapumua. "Usiwe umenikasirikia, nilitaka umalize kwanza. Nilikuwa nakuona unavyokonda huko msituni, nikasema huyu akibeba na langu atavunjika."

Mangatas alikuwa na nafasi ya kudanganya mara ya mwisho. Mtu mwenye huruma angeweza kumshauri hivyo, na labda angemshauri vizuri. Hakuweza. Uso wake ulikuwa umeshasema, na safari hii mkewe alikuwa anautazama.

"Nini?" akauliza.

"Miti haipo."

"Ipi?"

"Yote. Kampuni iliikata. Nilikuta imeshalala. Nilipokwambia mizima... haikuwa mizima. Nimekuwa napanda mikaratusi yao. Pale pale. Sikujua nikwambieje, ni ya baba yako, alinikabidhi mbele ya watu." Alikuwa anasema haraka, kamasi na machozi pamoja. "Kila Jumatatu nilisema sina neno, na nilikuwa nalo."

Tiomina aliangalia dari iliyojaa masizi. Midomo ikamcheza kidogo, anapiga hesabu ya miezi.

"Uliikuta Mei," akasema.

"Mei."

"Mimi nilikwenda kwa nesi Juni."

"Ndiyo."

"Kumbe ningekwambia tu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyebeba mwavuli kutwa nzima na mvua isinyeshe. Mangatas aliweka paji la uso kwenye sakafu ya mbao, karibu na mkono wake, akalia kilio ambacho Rospita alikisikia ukutani na safari hii hakuvumilia, akaja kwa mbio akidhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Walipewa siku kumi na moja, na walizitumia kugombana.

Ugomvi ulianza kesho yake asubuhi. Mangatas alimpikia uji, Tiomina akaonja, akakunja uso. "Huu uji umeupika au umeufua?"

Mangatas, kwa mazoea ya miaka, akainamisha kichwa.

"Jibu!" mkewe akasema. "Usinikalie kimya. Unamwogopa nani? Miti haipo."

Basi akajibu. Akasema uji una kosa gani, yeye ni mgema siyo mpishi. Akaambiwa hata ugema wake ni wa kubahatisha. Wakaingia kwenye sahani ya miaka miwili nyuma, nani aliyeanza, na kwa nini alimkubalia Saulina kwa siri. Wakaingia kwenye mambo ya zamani zaidi, mbuzi aliyeuzwa bila kuulizana, mjomba aliyekaa kwao miezi saba. Tiomina alimwita mwoga kwa kuogopa karani mwenye kahawa. Mangatas naye akafoka, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamwambia alimfanya mpumbavu, alimficha hata maumivu yake mwenyewe, mke gani anamficha mumewe kifo? "Mpumbavu ulikuwa umeshakuwa," Tiomina akasema, "mimi nilikukuta hivyo barabarani kwa baba," na wakacheka wote wawili mpaka maumivu yakamshika na ikabidi amshikilie.

Majirani walishangaa. Nyumba iliyosifiwa kwa utulivu miaka yote sasa ilisikika mpaka kanisani. Mchungaji akaja kusuluhisha, akafukuzwa na wote wawili kwa pamoja. Saulina alipofika kutoka Batam, na begi lake la magurudumu, alisimama nje ya mlango akiogopa kuingia, akamuuliza shangazi yake kama wazazi wake wamechanganyikiwa. "Waache," Rospita akamwambia. "Wana madeni ya maneno."

Tiomina alikuwa anapungua kila siku, lakini ulimi haukupungua. Akishindwa kusema aliinua kidole, na Mangatas alijua ni kuhusu nini, akajitetea. Kila asubuhi alikwenda na uji akiwa na hofu moja tu, ya siku ambayo hatatukanwa, na kila asubuhi alitukanwa, na hofu ikashuka.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alikwenda kuchota maji akausahau uji motoni. Aliporudi nyumba nzima ilinuka kuungua. Hakukuwa na mwingine, akakwangua wa juu, akaketi kando ya mkewe, akamlisha kijiko cha kwanza na kusubiri.

Tiomina akameza.

"Umeungua," Mangatas akamwambia. "Nimeuunguza, Mama Saulina. Nilikwenda kisimani nikausahau kabisa."

"Mzuri tu," akasema. "Uko sawa."

Mangatas akaweka bakuli chini. "Siyo mzuri. Onja tena. Hata mbwa hawezi kuula huu. Nitukane."

Mkewe alimtazama kwa upole, akakubali kwa kichwa kwamba ni mzuri, akafumba macho. Mangatas alitoka mpaka mlangoni akamwita dada yake, na kwa sauti ile watu walitoka majumbani mwao kabla hajaita mara ya pili.